Kito cha Ukoo Chageuka Cheupe, Sonara Aitwa Kuamua

Saa tatu asubuhi, baridi ya Juni 1976 bado inauma mjini Sumbawanga. Sonara Lukmani ameketi mkekani, jiko la mkaa ubavuni, anaikodolea macho pete kuukuu ya dhahabu. Mbele yake wameketi wanawake wawili wasiotazamana.

Mkubwa ni Bi Kulsumu, ambaye mumewe ana duka hapa mjini. Mdogo ni Zaitun, mke wa mwanawe, aliyeolewa mwaka jana kutoka Muze. Pete ilikuja na bibi yake Kulsumu kutoka Ujiji. Miaka yote kito chake kilikuwa chekundu. Sasa ni cheupe kama maji.

"Nilimpa aichemshe kwa ukwaju ing'ae, tuna arusi," anasema Bi Kulsumu. "Nimerudishiwa kigae cha chupa! Fundi, sema tu kwamba kito kimebadilishwa. Lori la Muze linaondoka mchana, na mzigo wa huyu nimeshaufunga, arudi kwao."

"Wallahi sijabadilisha kitu, mama," anasema Zaitun, machozi yakimtoka.

Lukmani anaisogeza pete karibu na macho. Dhahabu imeadimika, na mwaka huu ametengeneza pete mpya mbili tu. Siku nyingine anaunga miwani na kutia visu mipini.

"Mtu aliye kwenye foleni ya sukari hawazi hereni," anasema na kucheka.

Lakini akiletewa pete ya zamani, mtu huyu husahau hata chai. Mwandishi wa habari hizi ameishuhudia chai hiyo ikipoa.

"Ona majani haya yaliyochongwa ubavuni," anasema. "Hakuna jani linalofanana na jingine. Fundi wa zamani aliyachonga moja moja kwa mkono."

Kisha anaigeuza pete, anakunja uso.

"Za siku hizi tunaziacha wazi nyuma, mwanga upite. Hii imezibwa. Alikuwa anaficha nini huyu?"

Anaomba ruhusa ya kufungua. Bi Kulsumu anatikisa kichwa kukubali. Lukmani anainua taratibu kucha za dhahabu zilizoshika kito, nacho kinatoka kizima. Chini yake kuna utandu mwembamba wa fedha, umekunjamana na kuwa mweusi. Pembeni tu umebaki wekundu kidogo.

"Mama, hapa hakuna mwizi," anasema Lukmani. "Kito ni kilekile, na kilikuwa cheupe kabla bibi yako hajazaliwa. Rangi ilikuwa ya huu utandu. Maji ya moto yamepenya, yameubabua. Pete ya namna hii hufutwa kwa kitambaa kikavu, haichemshwi."

Mwandishi mwenyewe anashusha pumzi.

"Ni mimi niliyekwambia uchemshe," Bi Kulsumu anamwambia mkwewe hatimaye. "Nisamehe, mwanangu."

Zaitun anajifuta uso kwa ncha ya khanga.

Lukmani tayari yuko mbali kimawazo. Ana hamu ya kujua mafundi wa zamani waliipakaje fedha rangi, naye ajaribu.

"Niachieni huu utandu," anaomba. "Nikifaulu, kito kitawaka tena kama zamani."

"Utaupata, fundi, ila si leo," anajibu Bi Kulsumu, akiufunga utandu kwenye pindo la khanga yake. "Kwanza naupitisha kila nyumba nilikomtangaza huyu kuwa mwizi, wauone kwa macho yao."

"Nyumba ngapi, mama?"

Bi Kulsumu anainamisha kichwa.

"Mtaa mzima."