Wanne Walionichagulia Mrithi

Mwaka 1993, nikiwa na miaka thelathini na moja, mume wangu alituacha Bladensburg, Marekani, mimi na mtoto wa mwaka mmoja. Shule niliishia darasa la nne. Nikashika dekio.

Miaka tisa nilipiga deki jumba moja la makumbusho mjini. Kabla wageni hawajaingia nilisoma vibao kwa kidole, neno moja moja. Kilichonishika ni kibao cha wafalme wa Waazteki, watu wa Meksiko ya zamani. Kule mtoto hakupewa kiti kwa kuzaliwa tu. Wakubwa wachache walikaa, wakachagua kati ya wana na ndugu za mfalme. Waliwahi kutawala ndugu watatu, mmoja baada ya mwingine. Na aliyechaguliwa alikwenda vitani kwanza, ndipo akatawazwa. Nikasema, hawa walikuwa na akili.

Baadaye nikafungua kampuni yangu ya usafi. Mwaka jana mwili ulikataa. Nilitaka kumwachia mwanangu, msomi, mwenye nyumba mji wa Bowie, lakini asije akaambiwa kabebwa na mama. Nikawaita wanawake wanne walioanza kazi na mimi, nikawapikia pilau, nikawaambia wachague Kiazteki: mwanangu au mdogo wangu wa kike. Nilikuwa na hakika na jibu lao.

Vita vya hao wawili vilikuwa sakafu za shule moja, wakati wa likizo. Kukwangua nta ya zamani ya sakafu, kupaka mpya, kila mmoja ukumbi wake. Mdogo wangu alipapasa sakafu kwa kiganja kabla ya kila mpako. Mwanangu alipaka ikiwa bado na unyevu, macho kwenye simu. Nta ya ukumbi mzima ikafanya ukungu mweupe, ikabidi ikwanguliwe upya.

“Dada, tumempa mdogo wako,” akasema mkubwa wa wale wanne.

“Mwanangu ana digrii.”

“Basi digrii ikaikwangue ile nta.”

Wenzake wakacheka.

“Kwani ulituita kuchagua, au ulituita kula pilau?” akaongeza yule mkubwa.

Ningeweza kuwapuuza, kampuni ilikuwa yangu. Lakini neno nililitoa mwenyewe, na nguvu za kubishana sikuwa nazo. Nikamkabidhi mdogo wangu funguo.

Mwanangu akaniambia kwa Kiingereza kwamba hakuwahi kuitaka kazi ile.

“Ungesema mapema, baba,” nikamjibu. Nilikuwa nimechoka.

Leo nina nyumba ya vyumba viwili, imeshalipwa. Nina gari moja kuukuu, jokofu kubwa, na kiwanja Morogoro ambacho hakijajengwa. Kampuni sina.