Eda ya Mama na Kalenda ya Ukutani

Mwezi wa angani hauna siku ya thelathini na moja. Unaandama, unajaa, unapungua, unapotea, na safari yote hiyo inaisha kwa siku ishirini na tisa au thelathini. Haijawahi kuzidi, wala Kolwezi wala kwingine. Nimewafundisha watoto jambo hili miaka mingi, kwa upole, na kila nikifika hapo sauti yangu inapanda, nao wanatazamana wakijiuliza ni nani kati yao aliyekosa.

Hawajakosa kitu. Ngoja nieleze taratibu, si jambo gumu.

Jua likishazama, tazama magharibi. Ukiona uzi mwembamba mweupe, umelala kama ukingo wa bakuli, huo ndio mwezi mwandamo. Hautakaa, utashuka lilikoshukia jua, upesi tu. Kesho yake utakuwa mnene kidogo na utachelewa kuzama. Utaendelea hivyo, kila jioni ukiukuta juu zaidi, mpaka siku utakapochomoza mashariki ukiwa mzima huku jua linazama upande wa pili. Kuanzia hapo unachelewa kuchomoza, kila siku karibu saa nzima, unaliwa upande mmoja, hadi unabaki wa kuonwa alfajiri tu na watu wa zamu ya kwanza ya mgodini. Halafu hauonekani kabisa. Halafu uzi tena. Mwenye macho na subira anajua. Ukikosea mara ya kwanza usikate tamaa, toka nje tena kesho.

Sisi tulikaa Musonoi, mtaa wa wachimbaji pale Kolwezi, miaka ile ya Zaïre, wakati hata msikitini watu waliitana sitwayeni, yaani raia, kwa mzaha. Baba aliendesha lori la kaka yake, yule tuliyemwita baba mkubwa. Mwanzoni mwa kiangazi homa ilimchukua. Alikufa jioni, na wanawake waliokuja msibani waliuona mwezi ukiandama njiani jioni ileile. Kwa hiyo mwanzo wa eda ya mama haukuwa na utata wowote.

Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajipaki manukato, hasafiri. Na miezi hiyo ni ya kuandama, ile ile tunayofungia Ramadhani. Mama hakulalamika hata kidogo. Shoga zake walipomwonea huruma aliwajibu, "Nimeishi naye miaka yote hii, nitashindwa kumkalia miezi minne?"

Ila nyumba yetu ilizibwa upande wa magharibi na kilima cha udongo wa mgodi. Kutoka uani huwezi kuuona mwezi mchanga. Basi kila mwisho wa mwezi mama alinituma mimi, binti yake mkubwa, nipande. Kiangazi hakina mawingu, lakini kina moshi wa porini na vumbi la mashimo, na magharibi yote inakuwa nyekundu kama kutu. Lazima ukaze macho. Nikiuona nateremka mbio, na mama hanipokei kwa furaha kabla hajanihoji.

"Pembe zinatazama wapi?"

"Juu, mama."

"Jua lilikuwa limeshazama?"

"Limeshazama."

"Haya. Alhamdulillahi."

Mara nne nilipanda, mara nne nikauona.

Mwezi wa nne ulipokuwa umekwisha, msafiri mmoja alileta habari kutoka Kongolo: bibi, mama yake mama, alikuwa hainuki tena, na alikuwa akimwita. Treni ya kwenda kule ilikuwa ya Ijumaa, mara moja kwa wiki. Mama alihesabu. Eda ingeisha Jumanne magharibi. Akaniambia nitoe sanduku chini ya kitanda, nilipanguse.

Baba mkubwa alikuja Jumapili, akaliona sanduku mlangoni.

Sebuleni kwake alikuwa na kalenda kubwa, zawadi ya mfanyabiashara aliyetoka pwani. Juu ilikuwa na picha ya bandari. Chini, pembeni mwa tarehe, ilikuwa na viduara vidogo, cheusi, nusu, cheupe, na saa za mwezi kuchomoza na kuzama kwenye mji ule wa baharini. Watoto tulivipenda viduara vile. Yeye hakuvitazama kamwe. Alishika tarehe aliyokufa ndugu yake, akafunua kurasa nne, akaongeza visanduku kumi.

"Eda bado, shemeji," alisema. "Itaisha Jumapili ijayo. Utapanda treni ya wiki ile ingine."

"Kwa hesabu gani?"

"Ya kalandriye. Nimehesabu mara mbili."

"Eda haihesabiwi kwa kalandriye. Mwezi umeandama mara nne. Mutoto aliuona kila mara."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Huyu? Mutoto mwanamuke wa kupandapanda kwenye udongo kama mbuzi? Huyu njo shahidi?"

Jirani yetu, mama mmoja Mkatoliki aliyetoka Manono, alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Hata mi niliuona, tata. Ule wa mwisho. Nilikuwa naanua nguo, kwangu kilima hakizibi."

"Mama, wewe ni jirani mwema. Lakini mambo haya ni ya Kiislamu."

"Aa! Kumbe Baislamu beko na mwezi yao? Basi siku moja mutuonyeshe na sisi."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kicheko kile kiliharibu kila kitu. Baba mkubwa alisimama, akasema atamleta shehe.

Shehe alikuja Jumatatu, na mimi nilifurahi, maana ndiye aliyenifundisha kusoma na nilijua anajua. Alisikiliza pande zote. Kisha akasema, polepole, "Hesabu ni ya mwezi, hilo halina shaka. Lakini kuandama kunataka mashahidi." Akamtazama baba mkubwa, aliyekuwa ameleta mabati ya msikiti kwa lori lake bila kudai kitu. "Familia ikiona iongeze siku chache kwa tahadhari, hakuna ubaya."

Hakuna ubaya! Sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninaposhindwa kutulia. Haya, wanikatae mimi. Wamkatae jirani. Tuseme mawingu yalifunika magharibi miezi yote minne, na hakuna kiumbe aliyeona kitu. Sheria inasemaje mwezi usipoonekana? Ukamilishe thelathini. Shehe mwenyewe alitufundisha hivyo, kwa fimbo mkononi. Miezi minne ya siku thelathini, na siku kumi juu yake, inaisha Alhamisi magharibi. Treni ni Ijumaa. Hawakumhitaji mtoto wa kupanda kilima. Walihitaji vidole vya mikono tu. Alijua, nami niliona usoni mwake kwamba anajua, akanywa chai yake, akaenda.

"Sijaomba nipunguziwe hata siku moja," mama alisema siku ile. "Naomba nisiongezewe."

Baba mkubwa alimjibu akiwa amesimama mlangoni. "Ukitoka kabla ya Jumapili, utatoka peke yako. Hawa batoto ni ba ndugu yangu."

Tulikuwa wanne. Mdogo alikuwa bado ananyonya.

Ijumaa tuliisikia treni ikipiga honi. Mama alikuwa anapepeta mchele, na ungo haukusimama. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, mpaka nikatapika. Akaniambia niende nikachote maji.

Tulisafiri Ijumaa iliyofuata, mama, mimi na mtoto mchanga. Wawili walibaki kwa baba mkubwa, naye alitusindikiza stesheni na kutununulia mikate. Mama aliipokea na kumshukuru. Mimi sikumpa mkono, na sijutii.

Bibi alikuwa ameshazikwa. Alikufa Jumatano, siku mbili kabla hatujapanda treni. Ile treni ya kwanza ingetufikisha angali anasema.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa kwenye mkeka na wanawake wengine. Hakuinuka.

"Mgeni amefika," alisema. "Karibu, mgeni. Tulikuletea habari mapema. Ulikuwa unapaka hina?"

"Nilikuwa ndani," mama alisema.

"Ndani! Mama yako anakuita kila asubuhi, wewe uko ndani. Eda yako tuliihesabu na sisi. Ilikuwa imeisha."

Basi nilipiga magoti kwenye vumbi mbele ya mkeka, nikachora kwa kidole. Nikachora uzi, nusu, duara zima, nusu, uzi. Nikaeleza kalenda, nikaeleza mashahidi, nikaeleza thelathini, nikaeleza watoto wanne. Nilieleza yote bila kuruka kitu, na wanawake waliacha minong'ono yao. Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika, lakini haukulainika.

Akamgeukia mama. "Na wanaume wa msikiti wenu walikuwa wapi?"

"Walikuwepo," mama alisema, akakaa pembeni mwa mkeka na kumpakata mtoto.