Rangi Nyekundu ya Boti ya Zahanati

Nzioki Kaleli alijifunza kazi ya rangi Mombasa, kwenye chelezo, pale meli zinapopandishwa nchi kavu kutengenezwa. Kwa miaka kumi na mmoja alikwangua chaza na mwani kwenye matumbo ya meli, kisha akapaka ile rangi ya chini yenye sumu inayozuia viumbe hao wasirudi. Mama mkwe wake alipougua, yeye na mkewe Wakonyo walihamia bara, na mama alipofariki wakajenga nyumba ya vyumba viwili kwenye ploti aliyowaachia huko Murera.

Huku bara nani ana haja na fundi wa boti? Nzioki akapata kibarua Thika, cha kupaka matangi ya chuma. Siku moja msimamizi alimwamuru apake rangi juu ya kutu. Nzioki akakataa, akaeleza kwa nini, na kabla ya saa sita alikuwa nje ya geti na ovaroli yake kwapani. Alikaa miaka miwili bila kazi. Binti yao, Tabby, aliacha shule kidato cha tatu, na hilo halikuwahi kusemwa kwa sauti ndani ya nyumba ile.

Kwa hiyo mfanyabiashara aitwaye Ephantus alipofungua yadi yake Ruiru, mbele kidogo ya Membley, ya kutengeneza matangi na viboti vya fiberglass, na akamwajiri Nzioki, Nzioki alishukuru. Alikuwa amefikisha miaka hamsini na minne.

Mwezi wa tatu, lori lilileta yadini boti ya aluminium, urefu wa mita saba. Ilikuwa ya zahanati moja ya kisiwani, huko upande wa Lamu. Mfadhili alikuwa ameinunua ikiwa imetumika, na Ephantus akapewa kazi ya kuitia viti, turubai na rangi. Ndiyo ingekuwa ikivusha wagonjwa kwenda hospitali ya bara.

Ephantus alimpeleka Nzioki stoo, akamwonyesha mikebe sita ya rangi nyekundu iliyobaki kwenye kazi nyingine.

"Hiyo ndiyo utapaka chini."

Nzioki akaugeuza mkebe, akasoma, akausogeza dirishani kwenye mwanga, akasoma tena.

"Bosi, hii iko na shaba. Ni ya mbao na fiberglass. Ukiweka shaba juu ya aluminium, na maji ya chumvi ipite katikati, hiyo aluminium italiwa. Itatoboka kama ungo."

"Nani amesema?"

"Imeandikwa hapa. Na nimeona na macho yangu, Mombasa."

"Na ile ya aluminium?"

"Iko, lakini ni ya kuagiza. Wiki tatu hivi."

"Wageni wa mfadhili wanakuja kwa sherehe tarehe kumi na nne, Mzee Nzioki. Wiki tatu nitatoa wapi?"

"Basi tuiache bila rangi ya chini. Itashika chaza, watakwangua. Kukwangua ni kazi tu. Kutoboka ndio mwisho wa boti."

Ephantus akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Boti haina rangi nitaonyesha wageni gani? Waliitisha rangi ya kuzuia chaza, watapata. Paka."

Nzioki akaomba basi apewe praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya kutandika, ya kutosha mikono mitano, yaani kupaka mara tano, iwe ngozi nene ya kutenganisha shaba na aluminium. Kulikuwa na mkebe mmoja, na haukuwa umejaa.

Jioni hiyo alimweleza Wakonyo, aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Wakonyo alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba Tabby," akasema, "kumbuka Thika."

Akaendelea kuchambua.

Kazi yenyewe aliifanya kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Aliosha boti kwa sabuni na maji mengi, akaisugua kwa msasa kipande kwa kipande, na kila kipande alichokisugua akakipaka praima saa hiyo hiyo, maana aluminium ikiachwa uchi hujifunga ngozi mpya mara moja na rangi haishiki vizuri. Praima ilitosha mikono miwili. Kwenye mishono ya welding aliongeza mkono wa tatu kwa brashi ndogo, akiubana mkebe hadi tone la mwisho. Boti ilipoinuliwa kubadilishwa magogo iliyokalia, yakaonekana mabaka manne, kila moja ukubwa wa kiganja, ambayo hayakuwa yamepata kitu. Praima ilikuwa imekwisha. Alisimama akiyatazama mabaka yale, kisha akaenda kumwambia Ephantus. Ephantus alikuwa kwenye simu, akamwashiria kwa mkono aendelee.

Akaendelea. Akaikoroga rangi nyekundu muda mrefu, kwa sababu shaba hukaa chini ya mkebe kama mchanga. Akaziba kwa tepu vipande vya zinki vilivyofungwa chini ya boti ili viliwe badala ya aluminium, visiguswe na rangi, akavuta mstari wa maji, pale yatakapofika, kutoka mbele hadi nyuma, akapaka mikono miwili kwa rola. Mabaka yale manne nayo yakapakwa. Boti ikapendeza kweli. Ephantus akaipiga picha kutoka kila upande, na kwenye karatasi ya kazi, mahali palipoandikwa "Rangi imechaguliwa na kupakwa na", akamwonyesha Nzioki pa kutia sahihi.

Sherehe ya kukabidhi boti ikapita. Kesho yake akaja nahodha wa zahanati, Faki, mtu mrefu wa makamo mwenye sauti ya chini, kuichukua boti. Aliizunguka mara mbili, akaweka kiganja chake juu ya ile rangi.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiwe fundi?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Hebu niambie. Rangi hii ni ya madini haya? Maana nimesikia ziko zinazogombana."

Ephantus alikuwa hatua tatu kutoka hapo, akihesabu maboya ya kujiokolea. Hakugeuka, lakini aliacha kuhesabu.

"Iko sawa," Nzioki akasema.

"Mashallah. Huko kwetu hii ndiyo ambulensi."

Walipokuwa wakiifunga boti kwenye lori, Nzioki alimpa Faki namba yake ya simu. "Ukiona imechubuka mahali, nipigie. Usingoje."

Faki alipiga mwezi wa kumi. Alisema boti ilikuwa imeanza kutoa unga mweupe chini, mahali inapokaa mchangani maji yakipwa, na rangi inavimba malengelenge. Alikuwa amegusa lengelenge moja kwa ncha ya kisu, na kisu kikapenya hadi ndani. Akatuma picha. Nzioki alihesabu matundu hadi kumi na saba, akaacha.

"Yatengenezeka, mzee?" Faki akauliza.

"Hapana. Ukiziba hapa, itatokea pale. Imeliwa kutoka chini ya rangi."

"Lakini vipi? Boti ya miezi saba?"

Nzioki alikuwa kwenye kijia cha Murera, mkononi ana mfuko wa unga. Akaketi kwenye jiwe la mpaka wa ploti ya mtu.

"Rangi haikuwa ya aluminium. Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Kabla ya kufungua mkebe."

Upande wa pili watoto walisikika wakicheza kwa mbali.

"Mimi nilikuuliza, mzee," Faki akasema. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu." Akakata.

Mfadhili alipolalamika, Ephantus alitoa ile karatasi yenye sahihi. Nzioki hakubisha. Angebisha nini? Aliondoka yadini siku hiyo hiyo. Wakonyo alipomwona akiingia mchana na ovaroli mkononi, aliinuka akamsogezea kiti.

Alimpigia Faki mara nyingi baadaye. Simu iliita, haikushikwa. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata alikutana barabarani na Ouma, dereva wa lile lori lililopeleka boti, ambaye alimsimamishia lori akitoka tena pwani. Ouma alimwambia boti ilishakatwa vipande, ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mfadhili hakutoa nyingine. Wagonjwa wanangoja mashua yoyote inayopita.

"Na Faki?" Nzioki akauliza.

"Yuko. Nilimwambia natoka huku, nikamuuliza kama ana salamu za kukuletea." Ouma akatazama usukani. "Akasema hana."

Nzioki akamshukuru. Alikuwa na kibarua cha kupaka geti huko Kiganjo, akaenda kulipaka.