Jenerali wa Papa Lucien na Mpaka Kucha

Gentil nilimsikia kabla ya kumwona. Vijana wapaka kucha wa Bukavu hawaiti wateja kwa mdomo. Wanagonganisha chupa mbili za rangi, kling kling, na mwanamke mwenye kucha mbaya anajua ni yeye anayeitwa. Nilimwita mezani kwangu katika soko la Nyawera, ninapouza mchele, nikampa miguu yangu. Alipomaliza nilitembea kama bibi arusi. Wiki iliyofuata nikampeleka nyumbani awapake na dada zangu. Huko ndiko alikomwona binti yangu Elodie, na kama kuna kosa, kosa ni langu.

Mume wangu, Lucien, ni mwalimu mstaafu wa historia, na akikataa jambo amekataa. Gentil alipojieleza kwamba anataka kumwoa, jibu lilikuwa fupi.

“Binti yangu siwezi kumupatia muntu wa kushikashika miguu ya bamama. Ile nayo iko kazi?”

Elodie alilia mpaka macho yakavimba. Nami msidhani nilikubali.

Maana huyo Lucien anayecheka kazi za watu ana mambo yake. Balo la mitumba ya vitu vya watoto likifunguliwa sokoni, yeye yuko pale ameinama na mvi zake, anachambua askari wa plastiki wa urefu wa kidole gumba. Kila Dimanche baada ya misa rafiki yake Jean-de-Dieu anakuja na wa kwake. Wanapanga majeshi mezani, wanapima mwendo kwa rula, wanatupa dadu, wanauana mpaka chakula kiive. Siku moja nilimuuliza kama vita tulivyoviona kwa macho havijamtosha.

“Constance,” akanijibu, “hii tu ndiyo vita naweza kuambia: simama, tukule.”



Shida yao ilikuwa rangi. Askari wametoka mabalo mbalimbali: huyu kijani, huyu manjano, yule amebanduka hana rangi kabisa. Vita vikipamba moto, wazee wazima wanagombania askari mmoja. Pasaka, Jean-de-Dieu alichukua kikosi kizima akiapa ni chake, na Lucien akasusa wali wangu. Nikamwambia, kijana anayechora ua kwenye ukucha wa kidole kidogo atashindwa kuvalisha askari? Akanuna. Kisha akamtoa jenerali wake aliyepanda farasi, yule anayempenda kuliko wote.

“Aanze na huyu. Akiharibu, nisimuone tena hapa.”

Gentil akafanya alivyozoea. Rangi ya zamani huondolewa kwa disolva, basi akaloweka pamba, akasugua. Kumbe disolva inakula plastiki! Farasi akalala chini, jenerali akamezwa mpaka kiunoni. Jioni hiyohiyo alikuja mwenyewe na lile donge katika kitambaa.

“Papa, nimemuharibu. Niko naomba pardon.”

Lucien alilitazama, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilimkasirikia Gentil vibaya. Si angesema ameibiwa?

“Maman,” akasema, “na uongo siwezi kuoa.”

Hapo ndipo nilipoamua kwamba huyu ni mkwe wangu, Lucien apende asipende.

Kesho yake Gentil alizunguka pale motari, waendesha pikipiki, wanaposimama, akiuliza ni nini kinachokula rangi na kuacha plastiki. Fundi wa pikipiki, Glody, akamwambia ajaribu mafuta ya breki.

“Hii ikimwagika kwa tanki, rangi yote inatoka. Lakini gardubu ya plastiki, ile ya kuzuia matope, haigusi.”

Nikamletea askari mmoja aliyevunjika, tukamloweka. Alitoka mweupe kama jino. Basi Lucien alipokwenda kijiji cha Miti kwenye matanga ya binamu yake, nilibeba sanduku zima la askari nikampa Gentil. Sikumuuliza mtu.

Aliwasugua kwa mswaki, akawaosha kwa sabuni. Waliokosa mikono akawapa ya waya, kwa gundi ya kucha za bandia. Rangi za kucha hakuthubutu kuzitumia, nazo zina dawa kama ya disolva ndani. Alitumia rangi ya maji, ile ya kuta za nyumba. Makoti ya buluu, mikanda myekundu, na macho, jamani, kila mmoja na macho yake! Jenerali alimuumba upya juu ya farasi wa mtumba, kwa ule unga ambao wanawake wanarefushia kucha. Joho lake lilikuwa ukucha mzima wa bandia, umepinda kama unapeperushwa na upepo.

Dimanche ikafika, Lucien amesharudi. Akafungua sanduku mbele ya Jean-de-Dieu. Alimwinua jenerali mpaka kwenye mwanga wa dirisha.

“Nani alifanya hii?”

“Yule wa kushikashika miguu,” nikasema.

Lucien akamsimamisha jenerali mezani. Akapanga jeshi lake, na siku hiyo alipigana kama kijana. Jean-de-Dieu alinyoosha mkono kudai askari, akaona koti la buluu, akaurudisha. Maharagwe hayajaiva, alikuwa ameshindwa, hana hata mpiga ngoma. Lucien alicheka mpaka akafuta machozi.

Gentil nilikuwa nimemwita. Alisimama mlangoni, haingii wala haondoki. Lucien akamgeukia.

“Dimanche ingine usikuye peke yako,” akamwambia. “Kuya na baba zako. Na kasiksi.”

Kwetu, baba akitaja pombe ya ndizi na wakubwa wako, amekwisha kukupa binti. Jean-de-Dieu alipiga meza kwa kiganja, majeshi yote mawili yakaanguka. Elodie alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akasimama mbele ya Gentil asijue aweke wapi ule mwiko. Mimi nikapiga vigelegele, nikavuta pumzi, nikapiga tena.