Rusmir Akataa Kupigiwa Makofi

Rusmir Čavkić alirudi Brezik, mji wetu mdogo huku Bosnia, akiwa na mabegi mawili na goti moja zima. Goti la pili alikuwa nalo pia, ila lilikuwa la kubembelezwa. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na saba, umri ambao beki wa kwetu huwa ameshaachana na mpira, amefungua kibanda cha kubadilisha matairi, na tumbo linamtangulia kuingia mlangoni. Yeye hakuja kufungua kibanda. Alikuja kucheza.

Watu hawakumwamini, na siwalaumu. Aliondoka hapa bado kijana mwembamba, kwa basi la kwenda Zagreb, kabla hajaichezea timu ya wakubwa ya Sloga, klabu yetu, hata mechi moja. Kutoka Zagreb alikwenda Slovenia, kutoka Slovenia Poland, na tangu hapo ikawa kuhama tu. Kazakhstan, ambako nyasi zilikuwa ngumu kama sakafu. Iran, ambako alicheza mbele ya uwanja uliojaa pomoni, wanaume peke yao. Malta, Vietnam, kisha Indonesia, ambako mvua ilisimamisha mechi na timu zote mbili zikakaa chini ya jukwaa zikila wali kwa zamu. Kila alikofika alijifunza kwanza maneno matatu, kwa sababu beki wa kati anahitaji hayo tu: "toka", "nyuma yako" na "wangu". Mengine aliyaokota sokoni. Hakuwa nyota. Alikuwa mtu ambaye kocha akishamwona mwezi mmoja hamtoi tena kikosini.

Sisi tulimwona kwenye simu. Kila Agosti alipokuja likizo tulimpikia bureki, ule mkate wetu wa nyama, tukamuuliza Waajemi wanakula nini, tukampiga mgongoni, akaondoka. Tulimpenda kama mtu anavyompenda mgeni, na hapo ndipo palipomuuma.

Uwanja wetu uko chini ya machimbo ya makaa, na jukwaa ni moja tu, la zege, limejaa wachimbaji waliostaafu. Watu hao wana desturi yao. Mchezaji wa Sloga akiboronga, hatukanwi yeye. Anatukanwa mama yake, kwa jina, kwa sauti inayovuka mto Spreča, na kesho yake mama huyo na aliyemtukana wataulizana hali kama kawaida. Timu pinzani hutukanwa kwa jumla, bila kujisumbua na majina. Lakini mgeni, asiye wetu wala si adui, huyo hupigiwa makofi.

Nyumba ya Devleta, mama yake Rusmir, imepakana na ukuta wa uwanja. Miaka yote hiyo mwanawe alipokuwa akizunguka dunia, yeye alianika nguo zake siku za mechi na kusikia mama za wenzake wakitajwa mmoja mmoja. Jina lake halikutoka hata mara moja.

"Mwanangu," alimwambia Rusmir siku ya pili tu baada ya kufika, akimkatia mkate, "hata Šefika, ambaye mwanawe ni kipa asiyeweza kudaka mafua, ametukanwa mpaka amezoea. Anatembea kichwa juu. Mimi je? Nimezaa mchezaji au nimezaa mtalii?"

Rusmir alicheka, lakini neno lile lilimwingia. Wiki hiyohiyo alikwenda kumwona Fikret, mwenyekiti wa Sloga.

Fikret alimpokea sebuleni, mkewe Refija akaleta kahawa kwenye birika la shaba. Kwetu kahawa ina utaratibu wake. Finjani ya kwanza ni ya kumkaribisha mtu, ya pili ni ya mazungumzo, na ya tatu ni ya kumfukuza. Hakuna anayekuambia ondoka. Ya tatu ikitua mezani, unakunywa, unashukuru, unatafuta viatu vyako.

"Rusmir, ndugu yangu," alianza Fikret kwenye ya kwanza, "mji mzima unajivunia wewe."

"Nataka kucheza, mwenyekiti."

"Na utacheza. Tunakuandalia mechi ya kukuaga. Dakika kumi, maua, hotuba fupi, halafu unakuja kukaa na mimi pale juu."

"Mnaniaga niende wapi? Ndiyo kwanza nimefika."

Kwenye ya pili Fikret alibadilisha gia. "Hebu nisikilize. Timu iko mkiani. Vijana wanakimbia kama wamevamiwa na nyuki, na bado tunafungwa. Sasa nikikuingiza wewe, na goti hilo, ukavunjika mbele ya watu, nani atalaumiwa? Watasema Fikret kamuua Rusmir wetu."

"Goti niachie mimi. Na mimi si Rusmir wenu, ndiyo shida yenyewe. Mnanipigia makofi."

"Ulitaka tukupigie nini, zumari?"

Refija akaleta ya tatu. Rusmir akainywa taratibu, akaweka finjani chini, akajiegemeza kwenye kochi. Fikret akatazama mlangoni, kwenye viatu vya mgeni, akatazama viatu vile kwa hamu kabisa.

"Basi," akasema Fikret.

"Basi," akasema Rusmir, na hakuinuka.

Fikret akajifanya ana shughuli jikoni. Nyumba yake ni ndogo, na mnong'ono wake si mnong'ono. "Amesahau," alimwambia mkewe. "Huko Kazakhstan hawana kahawa ya tatu. Maskini, amekuwa mtu wa huko."

"Sijasahau, shemeji Refija," Rusmir aliita kutoka sebuleni. "Ya tatu ni ya kunifukuza, na imekolea vizuri. Niletee ya nne."

Sasa, kwetu unaweza kumnyima mtu kazi, unaweza kumnyima binti yako, lakini mtu aliyekaa kwenye kochi lako humnyimi kahawa. Ya nne ililetwa. Ya tano pia. Jua lilihama kutoka dirisha moja kwenda jingine, Fikret akaongea habari za bomba la maji, za bei ya kuni, za harusi ya mpwa wake, na Rusmir akaitikia kwa adabu zote bila kusogea. Hiyo ni inadi, ukaidi wa makusudi, na sisi Wabosnia tunanyonyeshwa nayo, lakini wengi wetu tunaitumia kugombania mipaka ya bustani. Yeye aliitumia vizuri. Kwenye ya sita Refija alikuwa anasaga kahawa upya, na hakuwa anasaga kimyakimya.

"Fikret," alisema kutoka jikoni, "kama humpi huyu mtu namba, nitampa mimi. Mkono umeniuma."

Fikret akashusha pumzi. "Njoo mazoezini Jumanne. Kama mtu yeyote. Kocha akikukataa, usirudi kwangu."

"Nashukuru kwa kahawa," alisema Rusmir, na ndipo akavaa viatu.

Kocha alikuwa Zijad, mtu mkavu wa maneno ambaye mchana aliendesha lori la makaa. Siku ya kwanza vijana walimpita Rusmir kama wanapita nguzo ya umeme. Siku ya pili vilevile. Wengine tulikuja kuangalia tukiwa na mbegu za maboga mfukoni, na nakiri tulicheka.

"Mzee, huna mbio," Zijad alimwambia.

"Sikuwahi kuwa nazo. Hata nilipokuwa na miaka ishirini."

"Sasa una nini?"

"Nafika kabla."

Jumanne iliyofuata Zijad hakumwambia asije. Tangu mwanzo wa majira ya kuchipua Rusmir alipanda kilima cha mabaki ya makaa kila asubuhi na kushuka, kisha akakaa jikoni kwa Devleta na barafu gotini, ndani ya foronya. Wakati mwingine goti lilivimba hata suruali haikupita. Hakulalamika wala hakutaka kuulizwa. Taratibu vijana wakaanza kuona ajabu: wanampita, wanafika kwenye mpira, na mpira haupo, yeye ameshautoa. Mwezi wa nne Zijad akampa jezi na kumweka benchi.

Aliingia mara kadhaa mwishoni mwa mechi. Na kila alipoingia, jukwaa lilisimama na kumpigia makofi. Alizuia bao la wazi, wakapiga makofi. Alitoa pasi mbovu ikawa kona, wakapiga makofi pia. Hamdija Suljić, mdomo mkubwa kuliko yote pale, mtu aliyemtukania mama kila mchezaji tangu enzi za Yugoslavia, alimsalimia kwenye geti la uwanja: "Pole na kazi, bwana Rusmir." Rusmir alirudi nyumbani uso umemshuka. Devleta alimtazama, akajua, akaendelea kukunja nguo.

Siku ya mwisho ya msimu ilikuja timu kutoka ng'ambo ya mto. Tukitoka sare tunabaki ligi. Tukifungwa tunashuka daraja, na kwetu timu ikishuka hairudi, inageuka kuwa malisho ya kondoo. Tulitangulia kwa bao la kona. Halafu, mapema kipindi cha pili, beki wetu wa kati akashika paja na kukaa chini, na Zijad akageukia benchi.

"Ingia," alisema. "Na ufike kabla."

Rusmir akaingia. Makofi. Akawapanga vijana, huyu akamsogeza, yule akamrudisha, wote wakatulia kidogo. Kisha ikaja krosi ya chini upande wa kushoto. Aliiona mapema, akajitupa kuiondosha, ikamgonga ugokoni na kuingia nyavuni mwetu. Moja kwa moja.

Kimya. Nimesikia kimya migodini, na hakikuwa kizito hivyo. Rusmir alikuwa bado yuko chini, uso kwenye majani, na katika kimya kile mtu mmoja, Mungu amsamehe, akaanza kupiga makofi ya kumfariji. Wa pili akamfuata.

Rusmir akainuka. Akaliacha goli, akatembea mpaka mstari wa pembeni, akalitazama jukwaa lote.

"Mnapiga makofi kwa lipi?" aliuliza kwa hasira. "Nimejifunga."

Makofi yakafa. Hamdija akasimama taratibu kwenye ngazi ya juu, akavua kofia, akageuka, si kwa Rusmir, ila kwa ukuta na nyumba iliyo nyuma yake.

"Devleta!" alinguruma. "We Devleta, huyu ulimzaa mwenyewe au ulimwokota Vietnam?"

Basi mlango wa matusi ukafunguka. Jukwaa zima likamrukia Devleta: kwamba alimnyonyesha maji ya sabuni, kwamba alimzaa amefumba macho, kwamba miguu ile ya mtoto aliiazima kwenye meza. Mengine siwezi kuyaandika. Nilitukana na mimi, sauti ikanikauka. Rusmir alirudi kwenye nafasi yake akicheka peke yake, machozi yanamtoka, na vijana wakamtazama kama amechanganyikiwa.

Kisha akacheza. Alizuia kwa kichwa, kwa kifua, kwa mdomo, alimsumbua mshambuliaji wao mpaka kijana wa watu akalalamika kwa refa. Mwishoni kabisa wakatuponyoka, mshambuliaji yule akabaki na kipa wa Šefika peke yake, na sote tunamjua kipa huyo. Rusmir alikuwa ameanza kukimbia kabla pasi haijapigwa. Alifika. Akautoa mpira nje, goti likalia kwa namna ambayo sisi wa ngazi ya chini tulisikia, naye akalala hapohapo. Refa akapuliza. Sare.

Fikret alitaka abebwe juu juu. Rusmir alikataa. Alitoka kwa kurukaruka mguu mmoja, kaegemea bega la Zijad, hadi mlango wa nyuma wa kwa mama yake.

Devleta alikuwa kwenye kamba ya nguo, shuka mkononi, vibanio mdomoni. Akavitoa.

"Tumebaki ligi, mama."

"Nimesikia."

"Goti limekwisha. Sitacheza tena."

"Nalo naliona. Kaa hapo." Alimsogezea kigoda, akamfunga shuka bichi gotini, akakaza. "Aliyeanza ni Hamdija?"

"Hamdija."

"Sauti niliijua. Na baada yake?"

"Wote, mama. Jukwaa zima."

Devleta akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akatengeneza kitambaa chake kichwani, akatazama ukuta wa uwanja ambao nyuma yake watu walikuwa bado wanaimba.

"Kesho nakwenda dukani mapema," alisema. "Nataka nikutane nao wote."