Kiti cha Baba na Kiti cha Roma

Shida zangu zilianza mwaka 1959, nikiwa na miaka kumi. Baba alifariki msimu wa kuvuna maharage, na kabla matanga hayajapoa misheni ikatuma habari kwamba nyumba yetu ina nafasi moja ya shule. Padri akatusimamisha mimi na mdogo wangu mbele ya mlango wa kanisa, akasema kila mmoja afanye ishara ya msalaba. Mdogo wangu aliifanya vizuri. Mimi niliifanya kwa mkono wa kushoto, maana mkono wangu ndio huo, hata panga nalishika hivyo mpaka leo. Yeye akaingia darasani. Mimi nikabaki na mbuzi, na nilipopata nguvu nikapanda gari la manamba, vibarua wa mkataba, kwenda kukata mkonge Tanga.

Kitu kimoja nilipewa. Kwetu Buha, mwenye mji akifa, mwanawe mkubwa anakalishwa kwenye kiti chake. Kiti cha baba kilikuwa cha mninga, kifupi, kimeng'aa kwa kukaliwa. Anayekikalia ndiye anayeamua mambo ya ukoo, na pombe ya ndizi ikitoka yeye ndiye anayeonja kwanza. Wazee waliinama wakanipigia makofi ya salamu, mimi mtoto wa kuchunga mbuzi. Hicho mdogo wangu hakukipata, na shule yake yote.

Nilirudi na hela. Nikanunua maharage vijijini, nikauza mjini, nikaweka mashine ya kusaga Makere, nikajenga Kasulu. Mdogo wangu akawa katekista kwetu Busunzu, mwenye baiskeli na shati moja la Jumapili. Lakini mama alikuwa anakaa naye. Nyumba nilijenga mimi, bati nililipia mimi, na ukutani, mahali pa kuonekana, ilikuwepo picha ya Papa. Picha yangu iliwekwa nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, mimi sionekani.

Nasema wazi, huyo mzee wa Roma nilimwonea wivu. Nilipokuwa kijana tulikuwa na mwami, watu wanamwogopa kweli. Nchi ilipopata uhuru, serikali ikafuta machifu na mwami akawa mtu kama sisi. Papa hakuna aliyemfuta. Watu wake walitufundisha kuchoma matofali, na nyumba zangu zimesimama kwa ufundi huo, siwezi kukana. Watu haohao walimwambia mama abomoe kibanda cha mizimu ya bibi yake. Akabomoa, akaanika maharage palepale. Mimi nikioa mke wa pili nazuiwa komunyo na mtu ambaye hajawahi kula ugali wangu. Wenzangu wakienda mbele, mimi nabaki kwenye benchi naangalia visigino vyao.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 redio ikasema Papa amejiuzulu. Nikafurahi. Nikaenda Busunzu na sukari na sabuni, nikamkuta mama uani anapepeta, mdogo wangu anaziba pancha.

"Mama, mzee wako amechoka. Sasa ile picha tuishushe."

"Ishuke iende wapi? Ameinuka kitini, hajafa."

"Si ndiyo hayo. Kiti kama hicho mtu anaachaje akiwa hai? Mwami gani alifanya hivyo?"

Mama akaweka ungo chini. "Ameona nguvu zimeisha, na watu hawawezi kukaa bila wa kuwasikiliza. Na wewe, mwanangu, uko Kasulu. Mambo ya ukoo yako hapa. Mpe mdogo wako kiti cha baba yenu."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Wewe ndiye umemfundisha hayo?"

"Mkubwa, mimi naziba pancha," akasema. Hata hakuinua kichwa.

"Shule ulichukua. Mama ukachukua. Sasa na kiti?"

Nikaingia ndani, nikakibeba, nikakipakia kwenye lori juu ya magunia. Mama alirudi kwenye ungo wake.

Kasulu nikakiweka sebuleni katikati ya makochi. Jirani yangu mwenye duka, mtu wa pwani, alikuja kunywa chai akakitazama.

"Mzee, hiki cha kuuza?"

"Hicho ni kiti cha ukoo."

"Na ukoo uko wapi?"

"Busunzu."

"Basi hapa atakupigia makofi nani? Mimi? Mimi nina goti bovu."

Akacheka, nami nikacheka kwa sababu ni mteja. Lakini neno lile lilinichoma. Ugomvi wa mpaka wa shamba ukatokea kwetu Busunzu. Ndugu wakaenda kwa mdogo wangu, ambaye alikuwa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwanangu wa kumzaa alipotaka kuoa, neno lake la kwanza alilipeleka kwenye ile ndoo. Mimi nilikuwa nakipangusa kiti vumbi.

Mwaka 2015 Warundi wakaanza kuingia, na kambi ya wakimbizi ya Nduta ikafunguliwa tena. Nilipeleka maharage huko Kibondo, na mahali fulani njiani nikaona watu chini ya turubai. Mdogo wangu alikuwa anawasalisha. Nikasimama mbali kidogo. Akaja mwanamke, mtoto mgongoni, sufuria mkononi, mgeni kabisa. Alipofika wakawa wanamwombea Papa, huyu mpya, na yule mwanamke akaitikia kwa Kirundi chake bila kuuliza mtu. Wanawake waliokaa kwenye gogo wakasogea, akakaa.

Mimi nilipofika Tanga, kijana mdogo, hakuna aliyenisogelea wala aliyenisogezea. Nililala mlangoni mwa bweni la vibarua mpaka mtu akahama. Nikamwonea wivu mwanamke aliyevuka mpaka na sufuria. Papa hakumpa unga, unga waligawa wengine. Ila bila kujulikana na mtu alikuwa na pa kukaa, na hiyo mimi sikuipata kwa mtu yeyote, si kwa mwami wala kwa serikali. Ndiyo thamani ya Papa niliyoiona kwa macho yangu. Komunyo bado nasema wananionea.

Wiki ile nikakirudisha kiti Busunzu. Sikuwa nimeshindwa. Kiti kisichokuwa na watu ni kuni, basi. Mdogo wangu akabaki amesimama.

"Mkubwa, nikikikalia, wewe ukija utakaa wapi?"

"Nitakaa hapohapo. Wewe utainuka."

"Mzee wa Roma hakurudi kumwinua mwenzake."

"Mzee wa Roma hakukata mkonge."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akamwambia mdogo wangu akae, akakaa, na mimi niliyekuwa mkubwa nikainama nikampigia makofi. Pombe ilipotoka akaonja yeye kwanza. Nilimwangalia koo lake likimeza. Wivu ninao mpaka leo, sidanganyi.

Mali yangu leo ni hii. Nyumba ya matofali Kasulu. Nyumba ya mke mdogo Makere, na mashine ya kusaga pembeni yake. Lori moja, linatembea. Shamba la migomba na maharage Busunzu. Ng'ombe wanne. Makochi. Redio. Picha yangu, nyuma ya mlango wa mama. Kiti cha baba hakimo.