Wa Tatu kwa Beseni, Ndabibi

Ijumaa Shangazi Raheli alinipigia simu. Jumatatu angefanyiwa operesheni ya moyo hapa Nakuru, na hakutaka kulala kwa meza ya daktari kabla ya kushiriki Meza ya Bwana. Shida ni kwamba kanisani kwao meza haiandaliwi mpaka watu waoshane miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Wanaume walikuwa wamebaki wawili, na hawaongei. Nikasema nitakuja na kaka yangu. Akakataa katakata. "Kuja peke yako."

Jumapili asubuhi, Gilgil. Hita ya pikapu imekufa, na nimebeba soksi mpya, maana mguu wa kuonyeshwa kanisani hautaki aibu. Naivasha niliiosha miguu yangu kabisa kwa bomba la maji la petroli stesheni. Najua ilikuwa inaenda kuoshwa. Mtu ana heshima yake.

Ndabibi. Kanisa ni la mabati, kengele ni rimu ya lori. Lilianzishwa na vibarua wa shamba la mzungu, na zamani lilijaa. Halafu Mzee Musa akataka watu wapige makofi wakiimba. Mzee Yohana akamjibu kwamba Mungu si kiziwi. Wapenda makofi wakahamia kanisa jirani lenye maspika, ambalo sasa linatuhubiria hata sisi. Musa alibaki, kwa ubishi tu.

Beseni lilipoletwa, wazee wote wawili walivua viatu mbele yangu. Sijawahi kupendwa hivyo. Shangazi akasema kutoka upande wa akina mama, "Zungukeni."

Basi Yohana akaniosha mimi, mimi nikamwosha Musa. Ikabaki Musa amwoshe Yohana. Musa akaangalia mlango. Niliogopa kweli, akitoka, Shangazi anaenda hospitali hivyo hivyo. Mwishowe akapiga magoti, pole pole. Alipofika mguu wa kushoto akaacha kuosha.

"Hii kidole iliumia lini?"

"Ng'ombe alinikanyaga. Mwaka jana."

"Sikuambiwa."

"Ungeambiwa na nani?"

Musa akachota maji tena. Alikiosha hicho kidole muda mrefu, mpaka maji yakapoa. Kisha tukala Meza. Hakuna aliyepiga makofi.

Jioni, tukirudi Nakuru, nilimuuliza Shangazi kwa nini alimkataa kaka yangu. Nilidhani aliogopa gharama ya chakula cha wageni.

"Mngekuwa wanne, kila mzee angejipatia mgeni," akasema, akaegemeza kichwa kwa kiti. "Sasa hata daktari aje."